Viraka vya bash, Septemba 2014

Seva ya usajili wa wanafunzi chuoni kwetu ilikuwa bado inaendeshwa na Debian 5, toleo la mfumo wa Linux liitwalo Lenny, ambalo watunzaji wake waliacha kulihudumia Februari 2012. Ilifanya kazi vizuri, na kwa sababu hiyo kila ombi la kuibadilisha liliahirishwa hadi bajeti ijayo. Tarehe 24 Septemba 2014 ikatangazwa kasoro iliyopewa jina la Shellshock, aliyoigundua Stéphane Chazelas ndani ya bash, programu inayopokea na kutekeleza amri katika mashine nyingi mno za Linux.

Bash hukubali kurithi fanksheni, yaani kundi la amri lililopewa jina, kupitia vigeu vya mazingira, yaani thamani zenye majina ambazo programu moja huipa nyingine. Kigeu kikianza na alama za fanksheni, bash iliisoma fanksheni ile, kisha badala ya kuishia hapo ikaendelea kutekeleza chochote kilichoandikwa mbele yake. Skripti za CGI, yaani programu ambazo seva ya wavuti huziendesha kumjibu mgeni, kama zetu za usajili, hupokea maneno ya mgeni, hata jina la kivinjari chake, yakiwa ndani ya vigeu hivyohivyo. Isitoshe, katika Lenny hata /bin/sh, programu ya amri ambayo programu nyingine huiita, ilikuwa ni bash. Mtu wa mbali angeweza kuiamuru mashine yetu bila nenosiri, kwa kasoro iliyokuwamo tangu 1989.

Mkuu wetu wa kitengo, mtu mzima aliyekaribia kustaafu, alinisikiliza hadi mwisho.

“Mwanangu, usajili haujafungwa. Tukizima, hawa watoto wataenda wapi?”

“Hatuzimi, mzee. Msimbo wa bash uko wazi. Tutaitengeneza wenyewe.”

Debian isingetuletea kifurushi. Lakini Chet Ramey, mtunzaji wa bash, alikuwa ametoa viraka, yaani mabadiliko madogo ya msimbo ya kuziba kasoro, hata kwa matoleo ya zamani sana, likiwemo letu la 3.2 la mwaka 2006. Hadi leo namheshimu kwa hilo. Angeweza kututaka sote tuhamie 4.3 na asingelaumiwa.

Nilipakua msimbo wa bash 3.2 na viraka vyake vyote kuanzia 001, nikaweka Lenny nyingine kwenye kompyuta ya ofisini ili nisiiguse seva kabla ya majaribio. Viraka hivi hubandikwa kwa mpangilio, kwa amri ya patch -p0, kwa sababu kila kimoja huongeza namba iliyomo katika patchlevel.h; ukiruka kimoja, kinachofuata hakikuti namba kinayoitarajia na hukataliwa. Vilipita kimoja baada ya kingine hadi 051. Hapo nikasimama, nikachapisha 052, kiraka cha kwanza cha Shellshock, kwenye karatasi.

Nilitaka kukisoma. Mistari yenye alama ya kujumlisha ni iliyoongezwa, yenye alama ya mshangao ni iliyobadilishwa. Katika evalstring.c niliona ukaguzi mpya: kama kilichosomwa si fanksheni, toa onyo na ukipuuze, na ukishatekeleza amri moja, acha. Mlango uliokuwa wazi kwa miaka 25 ulifungwa kwa mistari michache inayosomeka, nami nilijua kila mmoja unafanya nini.

Nikakompaili, yaani nikaugeuza msimbo kuwa programu, nikaendesha majaribio yake kwa make tests, nikaihamishia kwenye seva. Haikuhitaji kuwashwa upya, na usajili ukaendelea.

Haikuishia hapo. Tavis Ormandy alionyesha kwamba bado kuna upenyo, ikaja 053, ambayo kiini chake ni mstari mmoja tu katika parse.y unaorudisha kigeu kwenye sifuri. Kisha ikaja 054, iliyotokana na wazo la Florian Weimer wa Red Hat, na kwangu mimi hiyo ndiyo tiba hasa: fanksheni zinazorithiwa zikapewa majina yanayoanza na BASH_FUNC_, hivyo kigeu cha kawaida kilichotoka kwa mgeni hakisomwi tena kama fanksheni.

Kumbukumbu za seva zilikuwa na maombi mengi yenye alama zile za fanksheni, kutoka kwa watu tusiowajua, yakiwa yamechanganyika na ya wanafunzi wetu.

Baadaye mwenzangu wa hospitali ya jirani, aliyekuwa na Lenny kama yetu, aliniomba bash niliyokwisha kuikompaili. Nilimpelekea msimbo, viraka vyote kwa mpangilio wake na amri za kuvibandika, nikamwomba aisome 052 kabla ya kuendelea.