Friza ya Ami na Vipunje vya Kukausha Gesi

Masika ya mwaka jana, friza ya ami yangu pale Langoni, Lamu, ilinitesa wiki mbili. Huweka nguru na changu wa kuuza hotelini. Ilikuwa inagandisha vizuri tangu alfajiri hadi adhuhuri, halafu inaacha. Kompresa inazunguka, lakini ndani barafu inalainika. Ukiizima ikapumzika, inaanza upya kana kwamba haina neno. Nilikuwa nimeijaza gesi mara mbili na kubadilisha draya, kile kikopo kidogo cha kunasa maji kwenye mirija yake, mara mbili. Ami hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, samaki hawangoji," na hilo liliniuma zaidi.

Mpwa wangu anayesomea uhandisi Mombasa alikuwa likizoni. Nilipomsimulia, akafungua daftari lake kwenye ukurasa wa gesi asilia, ile inayopozwa hadi nyuzi 162 chini ya sifuri iwe kimiminika, ujazo wake ukapungua kama mara 600, meli ikaweza kuibeba.

"Mjomba, maji yakibaki humo yanaganda na kuziba njia," akasema. Kwa hiyo gesi hupitishwa kwanza kwenye minara iliyojaa vipunje vya zeolaiti, madini ya kunasa maji, mpaka maji yawe chini ya sehemu 1 kwa milioni 10. Silika jeli na alumina nazo hunasa maji mengi, lakini kwa kawaida hazikaushi kufikia kiwango hicho. Zeolaiti ina vitundu vya upana mmoja, kama angstromu 4 kwa aina hiyo (angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita). Molekuli ya maji ni ndogo zaidi, inapenya na kung'ang'aniwa ndani.

Kilichonishika ni mnara wa pili. Mmoja ukishiba maji hutengwa, ukapitishiwa gesi yenye moto wa nyuzi 200 na kitu mpaka maji yatoke, huku mwenzake ukikausha. Nikauliza: vipunje hivyo vikikaa wazi hewani?

"Vinakunywa unyevu wa hewa, Mjomba."

Draya ya friza ina vipunje vya jamii hiyohiyo, vinase maji yasije yakaganda na kuziba mrija wake mwembamba; friza ikipumzika barafu hiyo huyeyuka na njia ikafunguka. Nami nilikuwa nikizibua mpya jioni, nikiilaza mezani hadi kesho yake nilehemu. Tena hapa Lamu, ambako wakati wa masika hata chumvi huloa kikoponi.

Nikaikata kwa msumeno ile draya niliyoitoa, nikamwaga vipunje kiganjani na kuvitonea maji. Baridi tupu. Nikazibua mpya, nikafanya vivyo hivyo. Vilipata moto mpaka nikafungua kiganja. Zeolaiti kavu hutoa joto inapopokea maji. Ile ya kwanza ilikuwa imeshiba kabla sijaitia kwenye friza.

Siku ya pili nilibadilisha mpangilio wote wa kazi. Nilisafisha na kulehemu mirija mingine kwanza, draya ikiwa bado na vizibo vyake. Nikaizibua mwisho, nikailehemu papo hapo, kisha nikaunga pampu ya kuvuta hewa na kuiacha ivute kutwa nzima, maana mafuta ya kompresa nayo huficha maji na hayatoki upesi. Ndipo nikatia gesi.

Ami alilala dukani usiku ule, akiitazama. Adhuhuri ya siku ya tatu kipimo kilisoma nyuzi 18 chini ya sifuri, na nguru walikuwa wagumu kama mbao za mtepe.