Pointi za hoteli tunazilia wapi sisi wa Lamu?
Geshti nyingi za Shela hazijui mambo ya pointi, pale ni kupatana bei na mwenye nyumba basi, kwahiyo pointi zangu za Marriott, ile kampuni ya hoteli inayokupa pointi za kulipia vyumba ukilala kwao, nazitunzia Nairobi ama Dubai. Ila kabla ya kubuku piga hesabu, tuseme chumba ni shilingi 20,000 na wao wanataka pointi 20,000, kila pointi imekupa shilingi moja, wakitaka 40,000 imebaki nusu shilingi, hapo heri ulipe pesa tu. Ukibuku usiku 5 mfululizo kwa pointi wanakukata za 4, ule wenye pointi chache ndo wa bure. Na miezi 24 bila kuziongeza wala kuzitumia zinafutwa zote. Kuzigeuza vocha za duka? Wallahi hasara tupu.