Nilivyoipata noti ya la ya juu baada ya kuacha kukaza tumbo

Kwa miaka mitatu kila aliyenisikia nikipasua sauti aliniambia neno moja: "Imba kwa tumbo!" Tumbo lenyewe lifanye nini, hakuna aliyenieleza. Basi nikalikaza.

Mimi ni teno, yaani naimba sauti ya juu ya wanaume kwenye kwaya. Noti iliyokuwa ikinitoa jasho ni la ya juu, ile ambayo nyuzi za sauti hukutana na kuachana mara 440 kwa sekunde. Chini yake sina wasiwasi. Nikiikaribia tu, mishipa ya shingo inasimama, kidevu kinapanda, na kinachotoka ni ukelele. Nikaufuata ushauri kwa moyo wote. Nilijifunga mkanda mpana kiunoni nikawa nausukuma kwa tumbo huku naimba, dakika kama 40 kila jioni, karibu miezi miwili. Tumbo likawa gumu kama ubao, sikatai. Lakini la ilizidi kunikimbia, na nikifika wimbo wa tatu sauti imekauka kana kwamba nimeshinda uwanjani nikishangilia mpira.

Sasa najua kwa nini, na bado linanikera. Tumbo likikazwa namna ile, hewa inapanda kwa kishindo, na wa kuizuia ni nyuzi za sauti, vitu ambavyo hata kwa mwanamume mzima havifiki sentimita 3. Zikizidiwa zinajibana, koo linaomba msaada kwa shingo, shingo inaomba kwa taya, mwili mzima unahangaika kwa noti moja. Tena kiwambo, ule msuli mpana uliotenganisha kifua na tumbo, kazi yake ni kuvuta pumzi: ukijikaza unashuka, hewa inaingia. Unapoimba, wenyewe unalegea ukirudi juu. Kwa hiyo anayekuambia "sukuma kwa kiwambo" anakutuma kazi isiyokuwapo. Kinachotakiwa ni mbavu zibaki zimepanuka, zisiporomoke mara moja, hewa itoke kidogo kidogo. Waimbaji wa Italia huita appoggio, yaani kuegemea.

Kilichonifungua macho ni simu. Niliiweka ubavuni kwangu, nikajirekodi video nikiimba, kisha nikaitazama nimezima sauti kabisa. Jaribu hivyo hivyo. Ukisikia sauti utaanza kujihukumu na hutauona mwili. Niliona kwamba hata kabla sijavuta pumzi ya kuiendea la, kisogo kinazama nyuma, kidevu kinachomoza mbele, na magoti yanajifunga. Noti haijaanza, nami nimeshaikaba.

Baadaye nikasoma habari za Frederick Matthias Alexander, mwigizaji wa jukwaani aliyezaliwa Tasmania mwaka 1869. Alikuwa akipotewa na sauti kila akiigiza, akaamua kujichunguza kwenye vioo, akakuta anavuta kichwa nyuma na chini na kukibana kikoromeo, kile kisanduku cha sauti kilicho kooni. Nilifarijika mno. Kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 5, na kikihama mahali pake shingo lazima ikishikilie, shingo ile ile ambayo kikoromeo kimening'inia ndani yake.

Basi nikalala chali sakafuni. Magoti juu, nyayo chini, kitabu chini ya kichwa. Siku za kwanza kitabu kilikuwa chembamba na kidevu kikawa kinapanda. Nilipopata cha unene wa sentimita kama 4 nikasikia ukosi unarefuka wenyewe. Dakika kumi nalala tu. Halafu napuliza midomo itetemeke, brrr, huku sauti ikipanda na kushuka, mkono mmoja ubavuni. Pale chini hakuna kitu cha kushikilia: kichwa kimebebwa, mgongo umebebwa, magoti hayawezi kujifunga. Wiki ya tatu nikapanda, nikapanda, nikaona raha tu, nikatazama programu ya kupimia noti kwenye simu. Nilikuwa nimeshaipita la. Niliketi nikatetemeka.

Kusimama nayo ndiko kulikochukua muda. Nilianzia ukutani, visigino mbali kidogo, kisogo kikigusa bila kusukuma, na magoti laini. Dole gumba naliweka chini ya kidevu: nyama pale ikiwa laini, sawa, ikisukuma chini, shina la ulimi linabana, na ulimi umeshikamana na mfupa uliobeba kikoromeo. Natulia, naanza upya. Na tafadhali, usisimame kama askari wa gwaride. Ukitunisha kifua na kurudisha mabega nyuma kwa nguvu, mbavu za mgongoni zinabanwa, na ndizo zinazotakiwa zifunguke.

Juzi mazoezini ulifika ule mstari ambao miaka yote nilikuwa nauimba kwa mdomo tu, bila sauti, nikiwaachia wenzangu. Nikauimba. Mwalimu akasimamisha kwaya, akauliza, "Nani huyo?" Nikainua mkono. Akataka kujua nimefanya nini, nikamwomba kitabu, nikalala pale pale sakafuni kumwonyesha. Teno wenzangu watatu wakaja wakalala pembeni yangu.