Mkesha wa Pasaka: ninavyoandaa moto, giza na mahubiri

Mahubiri ya Mkesha wa Pasaka huanzia nje kwenye moto, padre akiwa bado hajafika mimbarini. Kwa hiyo maandalizi yangu ya Jumamosi Kuu huanza na moto na giza. Hivyo viwili vikiharibika, maneno hayawezi kuviokoa. Zamani Mkesha uliadhimishwa Jumamosi asubuhi, mshumaa ukawashwa juani, hadi Papa Pio XII aliporuhusu mwaka 1951 urudi usiku.

Huku Pwani Pasaka huangukia masika, na kuni mbichi hutoa moshi tu. Tangu Jumapili ya Matawi naomba jumuiya zilete vifuu vya nazi, madebe mawili, pamoja na vijiti vikavu, tunavihifadhi stoo juu ya mbao. Vifuu hushika upesi, na makaa yake ndiyo yanayoingia kwenye chetezo. Mafuta ya taa siruhusu hata tone, maana harufu yake hupanda pamoja na ubani hadi altareni. Moto tunauwasha giza likishaingia, dakika 20 kabla ya ibada, ili makaa yawe tayari. Kwetu saa 2 usiku ni saa nzuri ya kuanza.

Mshumaa wa Pasaka ni wa nta, mmoja, mpya kila mwaka. Matundu ya punje tano za ubani nayatoboa mchana kwa msumari uliopashwa moto, kwani ukizisukuma kwenye nta ngumu mshumaa unapasuka. Usiku nachora msalaba, Alfa juu, Omega chini na tarakimu nne za mwaka, kisha napachika punje: juu, katikati, chini, kushoto, kulia. Utambi mpya huwa umezibwa na nta, naukwangua mapema kwa wembe.

Taa ndizo zinazoharibu Mkesha mara nyingi. "Mwanga wa Kristo" huimbwa mlangoni, katikati ya kanisa, na mbele ya altare. Waamini huwasha mishumaa yao baada ya mara ya pili. Umeme huwashwa baada ya tatu. Swichi namkabidhi mtu mmoja asiyeimba kwaya, anayengoja ishara ya mkono wangu. Akiwahi, ule mwanga unaotoka mkono hadi mkono humezwa papo hapo, na hakuna namna ya kuurudisha. Mishumaa ya altare inangoja wimbo wa Utukufu. Waamini nao nawaeleza mapema: mshumaa unaowaka usimame wima, usiowaka ndio uinamishwe, la sivyo nta itamdondokea wa mbele mgongoni.

Masomo ya Agano la Kale ni saba. Pakiwa na sababu ya kuyapunguza yasishuke chini ya matatu, na somo la Kutoka 14, la kuvuka Bahari ya Shamu, halirukwi kamwe.

Homilia, yaani mahubiri yenyewe, naiweka dakika 7, watoto wakiwa wameshalala mabegani. Nashika kitu kimoja walichokigusa usiku ule: maji kama kuna wabatizwa wengi, mshumaa kama hakuna. Sentensi ya kwanza ni jambo waliloliona: "Mlango ulipofunguliwa ndani palikuwa giza, mkaingia mkifuata mwali mmoja." Kutoka hapo navuka Bahari ya Shamu, naingia Warumi 6, tuliozikwa pamoja na Kristo katika ubatizo, nafika kaburini na wale wanawake kwa Injili ya mwaka husika katika mzunguko wa masomo wa miaka mitatu: Mathayo mwaka A, Marko B, Luka C. Salamu na michango vinangoja matangazo. Namalizia nikiwatazama wakatekumeni, wale wanaongoja kubatizwa, na kwaya inaanza litania ya watakatifu bila pengo.

Kwa wabatizwa 30, kila mmoja akimwagiwa maji mara tatu, natenga dakika 20. Taulo na nguo kavu anazo msimamizi wa kila mmoja. Padre anayembatiza mtu mzima humpa na Kipaimara papo hapo, kwa hiyo mezani pawe na sahani yenye vipande vya limau, mkate na taulo ndogo. Krisma, mafuta matakatifu ya Kipaimara, haitoki kwa maji matupu, na vidole vyenye mafuta havishiki kalisi, kikombe cha divai ya misa, vizuri.