Kwenda Manyoni si kazi, kazi ni kurudi

Jumapili jioni, Julai

Mwezi wa saba Dodoma ni mwezi wa upepo, na mwembe wa uani haujatulia tangu saa nne asubuhi. Basi tuandike habari ya safari ambayo karibu kila anayeanza baiskeli ya masafa marefu hapa mjini huitaka kabla ya nyingine: Manyoni, upande wa magharibi, na kurudi siku hiyo hiyo, kama kilomita 260. Wengi hupiga hesabu ya miguu, ya upepo wakaisahau.

Upepo wetu hutoka mashariki na kusini-mashariki. Ukishapita Nala kuelekea Bahi unakusukuma mgongoni, na barabara nayo inashuka, kwa hiyo unajiona bingwa. Tuseme unakwenda spidi 22, yaani kilomita 22 kwa saa, na upepo wa spidi 15 uko nyuma yako: kifua kinakutana na hewa ya spidi 7 tu. Ukirudi kwa spidi ile ile na upepo ule ule, kifua kinapokea 37. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili, maana yake unachopambana nacho ukirudi ni karibu mara 28 ya kile cha kwenda. Hakuna paja linaloshinda hesabu hiyo. Shusha giya mapema, ukubali spidi 15, uinamishe kiwiliwili kidogo.

Na spidi 15 si aibu. Safari za kukamilisha ndani ya muda zinazofuata kanuni za Kifaransa hupimwa kwa wastani wa namna hiyo: kilomita 200 kwa saa 13 na nusu, 300 kwa saa 20, 600 kwa saa 40. Hata Paris-Brest-Paris, safari maarufu ya Ufaransa iliyoanza mwaka 1891, huwapa waendeshaji saa 90 kwa kilomita 1,200 na ushei. Muda huo una kula, kulala na kuziba pancha ndani yake, na saa haisimami ukiwa umekaa kwenye benchi la mgahawa.

Kuhusu ratiba, usiku na alfajiri upepo hulala. Jua likishapasha ardhi unaamka, mchana unakuwa mkali, jioni unapungua tena. Ukitoka mjini saa kumi alfajiri unafika Manyoni kabla ya adhuhuri, na hapo ndipo watu hujiponza. Wanakunywa soda, wanageuza saa sita, wanaingia kwenye upepo mbaya kuliko wote. Bora ulale kivulini mpaka saa tisa au saa kumi, kisha urudi taratibu ukijua utafika usiku. Asiyetaka usiku aelekee Gairo, upande wa mashariki, badala yake: upepo wa mbele unaumaliza asubuhi ukiwa bado mnyonge, na kurudi unasukumwa. Kwa mtu wa mara ya kwanza tungechagua Gairo bila kusita, ingawa Kibaigwa, iliyo njiani, ina vurugu za malori ya mahindi.

Mkiwa kundi, pokezaneni mbele kila dakika moja au mbili. Anayekaa nyuma ya gurudumu la mwenzake, umbali wa nusu mita hadi mita moja, anaokoa robo mpaka theluthi ya nguvu. Anayetoka mbele asiache kukanyaga ghafla, maana wa nyuma atamgonga. Upepo ukija wa ubavuni msitanuke barabarani kama timu za kwenye televisheni. Hii ni njia ya malori ya Rwanda na Burundi. Lori linalokuja mbele hukupiga na wimbi la hewa, kisha hukuvuta. Shika usukani bila kukaza viwiko. Ukiona magari makubwa mawili yanapishana hapo ulipo, toka nje ya lami, ila angalia kwanza kina cha ukingo.

Pancha zinastahili maelezo marefu zaidi. Miiba ya migunga na mbigili kila mtu anaijua. Adui asiyeonekana ni waya: tairi la lori likipasuka huacha vipande vya nyuzi za chuma, vyembamba kama unywele, na kimoja kikiingia upepo unatoka polepole, unaziba, baada ya kilomita tano tairi limelala tena. Kabla ya kurudisha tyubu, pitisha pamba ndani ya tairi zima. Itakapong'ang'ania ndipo waya ulipo, uutoe kwa koleo dogo. Tazama pia umbo la tundu. Moja dogo ni mwiba au waya. Mawili yaliyolingana, upande na upande, ni tyubu iliyobanwa na rimu, yaani ulijaza kidogo ukagonga shimo. Kwa mtu wa kilo 70 kwenye tairi la milimita 32, psi 55 hadi 60 zinatosha. Ukijaza likawa jiwe, mikono inakufa ganzi.

Kiraka hakishiki kwa haraka. Sugua kwa msasa mpaka mng'ao wa mpira uishe, paka gundi nyembamba kuzidi kidogo ukubwa wa kiraka, subiri kama dakika tano mpaka ikauke na kuacha kung'aa, ndipo ubandike na kukandamiza. Vumbi likiingia hapo katikati, rudia mwanzo. Beba tyubu mbili na viraka nane. Usitegemee sana fundi wa kijijini, si kwa ubaya wake: tyubu zake nyingi ni za baiskeli za mizigo, zenye valvu nene isiyopita kwenye tundu la rimu yako, na pampu yake haishiki valvu nyembamba. Kipande kidogo cha shaba cha kuunganisha hutatua hilo la pampu, na hakina hata uzito wa shilingi mia.

Maji: nusu lita mpaka lita nzima kwa saa, kulingana na jua. Maji matupu kutwa nzima huzimua chumvi mwilini; kichwa kinauma, vidole vinavimba, kichefuchefu kinakuja, na mtu akidhani ni kiu anaongeza maji. Changanya lita moja na vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vya kusawazisha, si vya kurundika. Lita hiyo na ndizi mbili zinakupa kama gramu 75 za wanga, zaidi ya mahitaji ya saa moja. Anza kula ndani ya saa ya kwanza, kidogo kidogo kila nusu saa. Karanga ni nzuri lakini mafuta husagika polepole. Chipsi mayai ya Manyoni kabla ya kuteremka Saranda, mlima ulio kati ya Manyoni na Bahi, sisi hatuishauri.

Saranda yenyewe ukipanda ni giya ndogo na subira. Ukishuka, usishikilie breki mfululizo, kwa sababu rimu hupata moto na tyubu inaweza kupasuka. Bana, achia, bana, ukipokezana ya mbele na ya nyuma. Taa ziwashwe kabla ya giza, nyekundu ya nyuma isifunikwe na begi.

Bahi usikae zaidi ya robo saa, misuli itapoa. Jaza chupa zote mbili na uweke chakula mfuko wa mbele, kwa kuwa kilomita 60 zilizobaki hupanda kidogo kidogo, macho hayauoni mlima wenyewe, na watu hulaumu tairi. Libonyeze kwa kidole. Likiwa gumu, shusha giya moja uendelee.