Pweza wetu ana mikono mitano

Jamani hawa watoto wamenimaliza Jumapili hii. Nina ule msumeno wa umeme wa mezani, wenye wembe mwembamba unaopanda na kushuka, wenyewe wanauita skroliso, nimeununua mtumba na tangu uingie humu ndani hawa wawili, wa miaka 10 na 7, katuni wamezisahau. Mbao hatununui. Pale Keko kwa mafundi wa makabati ukiomba vipande vya plaiwudi vilivyobaki unapewa kiroba kizima, "mama chukua tu hivyo, hapa vinanijazia."

Siku ya kwanza niliufunga wembe juu chini. Meno yanatakiwa yaangalie chini ili yakikata yaukandamize ubao mezani, mimi nikayageuza juu, kuwasha tu ubao ukaanza kurukaruka kama mfuniko wa sufuria ya maharage, mdogo akakimbilia chumbani. Siku hizi kabla hatujachomeka umeme napapasa meno taratibu kwa kidole, nikipandisha yakakwaruza najua yako sawa.

Sasa kosa langu la pili ni majina. Kila mtu anaanza na majina, eti herufi ni rahisi. Rahisi wapi! Mdogo anaitwa Husna, H, U, S, N zikaenda vizuri, tukafika kwenye A ambayo ina tundu katikati, hapo inabidi utoboe na drili kwanza, ufungue wembe juu, uupitishe kwenye tundu, uufunge tena, ukate, halafu ufungue tena kuutoa, mtoto keshaenda kucheza rede.

Anzeni na samaki. Sisi tulichora changu mkubwa kwenye karatasi, tukamgandisha juu ya plaiwudi ya milimita 6, solotepu juu yake maana inasaidia mbao isiungue, tukakata umbo la nje kwanza, halafu mistari mitatu ya mawimbi katikati, tayari una pazo ya vipande vinne. Kaka mtu ndiye anayeshika ubao, mimi nipo nyuma yake nimeweka mikono juu ya yake, miwani machoni, barakoa kwa ajili ya vumbi, na vidole pembeni, sio mbele ya wembe. Kazi ni kuuongoza tu ubao. Ukiusukuma kwa nguvu wembe unajikunja au unakatika, tumeshakata nyembe nne. Mdogo kazi yake msasa na rangi, na usidharau msasa, ni nusu ya kazi yote.

Pweza alikuwa wazo la kaka mtu, na akataka kipande cha mninga kwa sababu kina rangi nzuri. Nikamwacha. Mbao nzima, ile iliyopasuliwa moja kwa moja kwenye mti, sio kama plaiwudi, mkono mwembamba ukienda kinyume na nyuzi za mti unakatika kama biskuti, wa kwanza ukaenda, wa pili, na wa tatu umeme ukakatika wembe ukiwa katikati ya ubao, nikajaribu kuuchomoa, tak.

Tumempaka rangi yangu ya kucha, nyekundu, yuko juu ya friji. Mdogo anamwambia kila mgeni mikono mitatu imeliwa na papa. Kaka yake anasema itaota tena.