Siku Moja Maishani Mwangu: Insha 138 za Mwaka wa Kwanza

Saa 11:00 alfajiri. Kabla sijawasha jiko nimewasha kompyuta, kwa sababu wakati huu intaneti ya huku Kimara huwa nyepesi na watoto bado wamelala. Ninafundisha stadi za mawasiliano katika chuo kikuu kimoja jijini Dar es Salaam, na jana usiku saa 5:59 ndipo ulipoisha muda wa kutuma insha ya kwanza ya muhula. Tangazo la muda huwa ninaliandika kwa saa za Kiswahili, na chini yake saa za mfumo wa mtandaoni wa kupokelea kazi, kwani kuna mwaka niliandika 11:59 peke yake kama mfumo unavyoonyesha, na wanafunzi wawili, walipoona jua limezama, wakaamini kwamba wamekwisha kuchelewa na hawakutuma chochote.

Kundi langu lina wanafunzi 140. Insha 131 zimeingia kwa wakati, mbili hazijaonekana, na saba zimechelewa. Mojawapo ya hizo saba iliingia saa 6:07 usiku, nayo ni picha nne za kurasa za daftari zilizopigwa kwa simu, kivuli cha mkono kikiwa kimeangukia kona ya kila ukurasa, pamoja na ujumbe: "Shikamoo Madam. Umeme ulikatika saa 3 na kompyuta niliyoazima ikazima kabla sijahifadhi. Nimeandika upya kwa mkono. Naomba uipokee." Mfumo umeshaibandika maandishi mekundu ya kuchelewa. Mwaka jana, katika kikao cha idara, nilipigania kazi ya kwanza ya mwaka wa kwanza iwe na saa 24 za nyongeza bila mtu kukatwa alama, na wenzangu wakakubali baada ya mjadala mrefu. Dakika nane za mwanafunzi huyu zinanieleza hali ya umeme mtaani kwao, wala hazinielezi lolote kuhusu uwezo wake wa kupanga hoja. Nimeipokea, lakini sijaisoma, maana mwandiko wa namna hii unahitaji utulivu wa usiku.

Saa 12:30 asubuhi niko kwenye basi la mwendokasi, nimesimama.

Saa 2:00 asubuhi ninaingia ukumbini. Wanafunzi wamejaa hadi kwenye ngazi, na walio nyuma kabisa wananisikia pale tu kipaza sauti kinapokubali kufanya kazi. Mwanzoni mwa muhula nilijaribu kuwapa jaribio fupi la kujibu kwa simu, kwani majibu husahihishwa papo hapo na kila mtu huona alama yake kabla hajatoka. Nikiwa mbele niliwaona watano au sita wameweka mikono mapajani wakitazama simu za wenzao, na baadaye nikaelewa kwamba wengine wana simu za kitochi zisizo na intaneti na wengine bando limeisha. Tangu siku hiyo swali huandikwa ubaoni, nao hujibu kwenye robo karatasi. Kusahihisha robo karatasi hizo hunichukua jioni nzima, na ninaona ni haki yao.

Saa 4:30 asubuhi, ofisini. Hapa ndipo siku yangu hasa inapoanza. Katika somo letu kazi za muhula zina alama 40 na mtihani wa mwisho una alama 60. Anayepata 70 au zaidi kwa jumla ana A, 60 ni B+, 50 ni B, na 40 ni C. Chini ya hapo mwanafunzi anaanza kuogopa sapu, yaani mtihani wa marudio, na sapu zikimzidi anaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Kwa mtu ambaye kijiji kizima kilimchangia nauli ya kuja Dar es Salaam, tofauti ya alama 39 na 40 si jambo la kuliandika kwa haraka.

Mfumo wetu umejengwa juu ya Moodle, programu huria ya masomo ya mtandaoni iliyoanzishwa na Martin Dougiamas wa Australia na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 2002, na kitu ninachokithamini zaidi ndani yake ni uwezo wa kuficha majina wakati wa kusahihisha. Kabla sijautumia niliamini kwamba sina upendeleo. Nilipolinganisha alama nilizotoa nikiona majina na zile nilizotoa bila kuyaona, niligundua kwamba wanaokaa mbele na kuuliza maswali nilikuwa ninawasamehe makosa ambayo kwa wengine niliyapigia mstari. Jambo hilo liliniuma, na ndiyo sababu leo ninasahihisha namba, majina ninayaona mwishoni.

Insha ya 23 inanisimamisha. Swali lilimtaka mwanafunzi aeleze tatizo moja la mahali alipokulia na jinsi watu wanavyolikabili, na huyu ameandika kuhusu maji wilayani Newala, kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja na kisicho na Newala hata kidogo. Programu ya kukagua inasema sehemu kubwa imeandikwa na akili bandia. Tangu ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022 maonyo ya namna hii yamekuwa mengi, lakini siwezi kumhukumu mtu kwa asilimia ya programu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walizijaribu programu saba za aina hii kwa insha 91 za watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo, zilizoandikwa na binadamu, zikadaiwa kuwa za mashine. Wanafunzi wangu karibu wote ni watu wa aina hiyo: wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari wakaambiwa wafikiri kwa Kiingereza.

Nimelazimika kufungua jina lake nimwite, na saa 7:00 mchana kijana mwenyewe amekuja, amesimama mlangoni. Namwambia, "Keti, mwanangu. Nieleze kwa Kiswahili, kwenu maji mnayapata vipi?" Anaanza kwa sauti ndogo, kisha inakua. Ananieleza kuhusu uwanda wa juu usio na mto, mabati yaliyotegwa mifereji ili maji ya mvua yaingie kwenye kisima kilichochimbwa uani na kusakafiwa, na bibi yake anayeiacha mvua ya kwanza ipite kwa sababu inaosha vumbi la bati. Anakiri kwamba aliandika hayo kwa Kiswahili, akaiomba mashine itafsiri na kuboresha, nayo ikamtolea habari za wanawake wanaotembea kwenda mtoni. "Mto gani?" namuuliza. Anainama. "Hakuna, Madam. Niliona Kiingereza ni kizuri nikaogopa kugusa."

Nimempa karatasi aandike upya aya mbili palepale. Zina makosa ya nyakati za vitenzi na viunganishi, lakini bibi yumo, bati limo, na hoja inakwenda hatua kwa hatua hadi mwisho. Nimempa 58 kwa mia, nikamwandikia maelezo ya makosa yake, na nikaamua kwamba kuanzia kazi ijayo kundi zima litaleta rasimu ya Kiswahili pamoja na insha, nayo itakuwa na alama zake. Tumekuwa tukisahihisha mwisho wa safari peke yake, na mashine sasa inaweza kuubuni mwisho huo.

Saa 9:00 alasiri ninaingiza alama za somo lingine kwenye jedwali la chuo. Miaka miwili iliyopita mtu alipanga safu ya majina kialfabeti na kuiacha safu ya alama ilivyokuwa, na darasa zima likapata alama za watu wengine hadi binti mmoja mwenye bidii alipokuja kuuliza kwa nini ana sapu. Tangu hapo ninachagua majina kumi bila mpangilio na kuyalinganisha na karatasi zenyewe, moja moja, kwa kidole. Leo yote kumi yamekubaliana.

Saa 2:30 usiku, nyumbani. Badala ya kuandika maoni ya kila insha, kwa zile ngumu ninarekodi sauti, sekunde 40 hivi, kwa Kiswahili, kwa kuwa nimeona wanafunzi wanaoruka maandishi yangu huisikiliza sauti hadi mwisho. Faili ninalifanya dogo ili lisile bando lao. Leo nimemaliza insha 34, na alama zitafunguliwa kwa wote siku moja, zikiwa zimekamilika.

Saa 4:10 usiku nimefungua zile picha nne. Ya pili imelala ubavu, nimeigeuza, nikaongeza mwanga hadi maneno yaliyo chini ya kivuli yakasomeka, kisha nikaanza na mstari wa kwanza.